Jino moja la sproketi: mambo ya kujua kabla hujabadilisha gia ya mwisho ya pikipiki

Jumamosi moja, muda mfupi baada ya Adhuhuri, mpwa wangu alinipigia simu akiwa Golini, kwenye ule mlima wa kutoka Kombani kwenda mjini Kwale. Abiria wake, mama mtu mzima aliyekuwa na mfuko wa unga na dumu la mafuta ya kupikia, alikuwa ameshateremka na anatafuta chombo kingine. "Mjomba," akaniambia, "injini inanguruma sawasawa lakini pikipiki haiendi. Na kuna harufu kama ya raba inayoungua."

Haikuwa raba. Ilikuwa klachi. Wiki mbili kabla ya hapo, wenzake wa steji walimshauri abadilishe sproketi ya mbele, atoe ile ya meno 15 iliyokuja na pikipiki aweke ya meno 17. Aliambiwa pikipiki itakimbia zaidi kwenye barabara ya Likoni hadi Ukunda na itakunywa petroli kidogo. Fundi akamfungia kwa nusu saa, ingawa ilibidi asage kifuniko kwa ndani ndipo ile sproketi kubwa ipite. Siku za mwanzo kijana alifurahi kwelikweli. Lakini yeye riziki yake haiko Ukunda. Iko Kombani, na abiria wa Kombani wengi wanapanda Kwale.

Alilala siku tatu bila kazi akisubiri klachi mpya, na mkopo wa ile pikipiki hulipwa kila siku, iwe imetembea au imelala. Hiyo ndiyo sababu naandika haya. Kila steji ina mtaalamu wa sproketi, na ushauri wake hutolewa bure, lakini sijakutana na wengi wanaokaa chini wakafanya hesabu. Mimi diploma yangu ni ya uhasibu, si ya umekanika. Nina pikipiki yangu ya sisi 150 ninayoiendea kazini, na niliyojifunza nimejifunza kwa kuikosea mwenyewe na kwa kukaa kwenye benchi la rafiki yangu fundi, aliyefanya kazi miaka mingi Ghuba kwenye karakana ya pikipiki kubwa kabla ya kurudi nyumbani. Nitamtaja tena huko mbele, kwa sababu pikipiki alizozishika yeye hazina hata cheni.

Tuanze na gia ya mwisho ni nini. Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia kwenye giaboksi, ambako unachagua moja, mbili, tatu hadi nne au tano. Ikitoka humo inafika kwenye shafti ndogo inayochungulia upande wa kushoto wa injini, na kwenye shafti hiyo ndipo ilipofungwa sproketi ya mbele. Cheni inaichukua nguvu hapo na kuipeleka kwenye sproketi kubwa ya gurudumu la nyuma. Hatua hiyo ya mwisho, kutoka sproketi ndogo hadi kubwa, ni gia pia, ila huna kanyagio la kuibadilisha. Ukiibadilisha hiyo umebadilisha gia zote kwa pamoja, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Wengi hapo ndipo wanapopotea. Mpwa wangu alidhani ameongeza kasi ya gia ya tano tu. Kumbe alikuwa ameifanya nzito na gia ya kwanza, ile anayoitegemea kuondoka mlimani na mzigo.

Hesabu yenyewe ni kugawanya tu. Hesabu meno ya nyuma, gawanya kwa meno ya mbele. Kwenye pikipiki ya mpwa wangu nyuma kuna 42 na mbele palikuwa na 15, kwa hivyo 42 kwa 15 ni 2.8. Maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara 2.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, pikipiki ina nguvu ya kupanda lakini injini inazunguka sana. Ikiwa ndogo, injini inazunguka polepole kwa kasi ile ile, lakini nguvu inayofika kwenye gurudumu ni kidogo. Alipoweka 17, namba ikashuka hadi 2.47. Kwa lugha ya mhasibu, alijikata kama asilimia 12 ya nguvu ya kuvuta katika kila gia, kisha akapandisha nayo mlima wa Golini.

Hebu tuiweke barabarani. Tuseme pikipiki yako ikiwa gia ya tano kwa kilomita 60 kwa saa, injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika ikiwa na 15 mbele. Ukiweka 14, uwiano unakuwa 3.0, na kwa kasi ile ile injini itazunguka karibu mara 5,360. Ukiweka 17 itashuka hadi karibu 4,410. Tofauti ya 14 na 15 utaisikia masikioni na mikononi. Tofauti ya 15 na 17 ni kama umepanda chombo kingine kabisa.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulipita. Jino moja la mbele si sawa na jino moja la nyuma. Kwa pikipiki kama hii, jino moja la mbele lina uzito wa karibu meno matatu ya nyuma. Kutoa jino moja mbele, kutoka 15 hadi 14, ni sawasawa na kuongeza matatu nyuma, kutoka 42 hadi 45. Yote mawili yanatoa 3.0. Kwa hivyo ukitaka badiliko dogo la kupimapima, gusa sproketi ya nyuma. Ya mbele ni rahisi kununua na ni rahisi kufunga, lakini hatua zake ni ndefu. Ndiyo maana watu huanzia huko, na ndiyo maana huishia kulalamika.

Sasa habari ya petroli, maana hiyo ndiyo inayouza sproketi kubwa steji. Ni kweli kwamba kwenye barabara tambarare, ukiwa peke yako, kwa mwendo wa wastani usiobadilika, injini inayozunguka polepole inaweza kula kidogo. Lakini injini ya sisi 100 au 150 haina akiba ya nguvu. Ukiipa gia nzito unalazimika kuivuta zaidi ili isife, na ikichoka unashuka gia moja. Ukishashuka kutoka ya tano hadi ya nne, ile faida uliyoinunua imekwisha. Halafu kuna upepo. Wakati wa kusi, ukielekea Msambweni kutoka Likoni, upepo unakupiga kifuani njia nzima. Pikipiki yenye gia nzito haifiki hata ile kasi iliyokuwa ikifika kabla, kwa sababu injini haipati kupanda hadi pale nguvu yake ilipo. Mpwa wangu aliniambia kwa mdomo wake kwamba siku za upepo gia ya tano ilikuwa pambo.

Na klachi? Klachi huungua wakati wa kuondoka. Pale unapoachia mkono, gurudumu linaanza kutembea na injini iko mbele yake kwa kasi, sahani za klachi zinasuguana mpaka pande zote mbili zilingane. Gia ikiwa nzito, msuguano huo unachukua muda mrefu zaidi. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, lakini sote tunajua tunachokiona barabarani, na hata huyo mmoja akiwa na gunia la nazi, kuondoka mlimani mara ishirini kwa siku kunamaliza sahani. Ile harufu ya Golini ndiyo hiyo.

Kinyume chake pia kina adhabu yake. Mimi niliwahi kuweka 13 mbele, nikiwa na kazi ya kupanda Rabai na Kaloleni mara kwa mara. Milimani ilikuwa raha. Lakini siku niliyokwenda Malindi nilifika mikono imekufa ganzi, injini imepiga kelele kutoka Mtwapa mpaka Gede. Sproketi ndogo sana ina ubaya mwingine: inaikunja cheni kwa mduara mdogo, kwa hivyo cheni na meno vinalika haraka, na cheni inasugua ile raba iliyovalishwa kwenye uma wa gurudumu la nyuma. Tangu hapo kanuni yangu ni jino moja tu, kupanda au kushuka, kutoka kwenye namba ya kiwandani. Anayetaka zaidi ya hapo labda anahitaji pikipiki nyingine.

Tena kabla hujagusa sproketi, tazama tairi. Tairi la nyuma nalo ni gia. Ukitoa la 2.75-18 ukaweka la 3.00-18, kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 2, na pikipiki inakuwa nzito kidogo bila wewe kubadilisha hata jino. Nimekutana na kijana aliyeongeza tairi na sproketi ya mbele kwa siku moja, kisha akaenda kulaumu kabureta.

Niliahidi kurudi kwa rafiki yangu wa Ghuba. Huko alikuwa akishika zile pikipiki kubwa za safari ndefu, za Harley-Davidson na nyinginezo, zenye masanduku ubavuni na kiti kama kochi. Hizo gurudumu la nyuma huvutwa na mkanda wa meno, si cheni. Mkanda si jambo geni kwenye pikipiki. Zile za mwanzo kabisa, mwanzoni mwa karne ya 20, zilitumia mikanda ya ngozi. Halafu cheni ikatawala kwa miaka mingi, mpaka Harley-Davidson waliporudi na mkanda wa kisasa mwaka 1980 kwenye modeli yao ya Sturgis, na baadaye mkanda ukaenea kwenye pikipiki zao za safari. Ni mkanda wa mpira mgumu wenye nyuzi zenye nguvu sana ndani yake. Hautaki grisi, haupigi kelele, haurushi oili kwenye kanzu, na ukitunzwa unakwenda makumi ya maelfu ya kilomita.

Nilimuuliza kama nao hubadilisha gia ya mwisho. Akacheka. Akasema hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake, na kwamba wateja walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wakisafiri peke yao kwenye barabara ndefu zilizonyooka za jangwani, wakitaka injini itulie. Wa pili walikuwa wakibeba mke na mizigo, wakipanda milima ya Oman, wakitaka pikipiki iwe na mvuto. Hesabu ni ile ile ya mpwa wangu, ila namba ndizo tofauti. Tuseme puli ya mbele ina meno 32 na ya nyuma 70, uwiano ni 2.19. Ukiweka ya nyuma ya meno 66 unapata 2.06. Kama injini ilikuwa inazunguka mara 3,000 barabarani, sasa itazunguka karibu 2,830. Kwa injini kubwa yenye nguvu tele hata ikizunguka polepole, hilo ni jambo la starehe. Kwa injini ya bodaboda lingekuwa jambo la riziki.

Ila kazi yenyewe si ya nusu saa. Cheni unaweza kuikata, ukaongeza pingili, ukaifunga kwa klipu kando ya barabara. Mkanda hauna maungio. Umetengenezwa duara moja zima, wenye idadi maalumu ya meno, na ukibadilisha ukubwa wa puli kupita kiasi gurudumu haliwezi kusogea vya kutosha kuufidia. Hapo inabidi utafute mkanda wa urefu mwingine. Na kuutoa mkanda kwenye zile Harley ni kufungua nusu ya pikipiki, kwa sababu uma wa gurudumu la nyuma umepita katikati ya duara lake, na upande wa mbele puli imejificha nyuma ya klachi na kasha lake lote. Rafiki yangu anasema kazi ya kwanza ilimchukua siku mbili, na aliyekuwa mkubwa wake alisimama juu ya kichwa chake muda wote.

Mkanda pia haupimwi kwa kidole kama tunavyofanya sisi. Kuna kifaa cha kuusukuma kwa nguvu ya karibu kilo nne na nusu, kisha unasoma umebonyea kiasi gani na kulinganisha na kitabu cha pikipiki. Ukikaza kupita kiasi unaua beringi. Ukilegeza, mkanda unaruka meno. Na hauwezi kukunjwa kwa pembe kali hata mara moja ukiwa mkononi, maana nyuzi za ndani zikivunjika huzioni, utazijua siku mkanda ukikatika. Adui yake mkubwa ni kijiwe kinachoingia kati yake na puli. Nilipolisikia hilo la mwisho nilielewa kwa nini hatutauona mkanda kwenye bodaboda za Kinango. Kwenye lami safi ni mfalme. Kwenye changarawe, fundi wa kijijini atakuuzia pingili ya cheni akuache uendelee na safari, lakini mkanda wa Harley hatakuwa nao.

Kuna jambo jingine aliloniambia ambalo linatuhusu na sisi. Pikipiki nyingi kubwa za kisasa husoma kasi kutoka kwenye giaboksi. Ukibadilisha puli, spidomita inaanza kusema uongo, na lazima irekebishwe. Bodaboda nyingi zetu zina waya wa spidomita unaotoka gurudumu la mbele, kwa hivyo kubadilisha sproketi hakuigusi. Angalia yako. Waya ukiingia kwenye habu ya gurudumu la mbele, huna wasiwasi. Ukiingia kwenye injini, jua kwamba namba unazoziona baada ya hapo si za kweli.

Turudi kwenye cheni na tushike spana. Hatua ambayo ningependa kila mtu aifuate kwanza ni kupima cheni uliyonayo. Cheni nyingi za pikipiki hizi ni za namba 428, na pingili yake moja ni milimita 12.7. Ivute inyooke, pima pingili 20 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ikiwa mpya utapata milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, hata kama inang'aa. Kipimo cha barabarani ni kuivuta cheni kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, hiyo si ya kuwekewa sproketi mpya. Cheni iliyorefuka haikai sawa kwenye meno mapya, itayachonga yawe kama ndoana kwa muda mfupi, na hela yako imepotea. Kwa hivyo wakati mzuri wa kubadilisha gia ya mwisho ni siku unapobadilisha seti nzima: mbele, nyuma na cheni.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali palipo tambarare. Legeza boliti za sproketi ya mbele kabla hujalegeza cheni, mtu mmoja akiwa amekanyaga breki ya nyuma. Ukishalegeza cheni, shafti itazunguka nawe na utabaki kuhangaika. Baada ya hapo ndipo unalegeza nati ya ekseli ya nyuma na vile virekebishaji vya pande mbili, unasukuma gurudumu mbele, na cheni inatoka. Ukiona oili imelowa nyuma ya sproketi ya mbele, sili ya shafti imechoka. Ibadilishe sasa hivi maana umeshafika hapo. Safisha uchafu wote. Sproketi ya mbele ya pikipiki nyingi ndogo hushikwa na bati dogo na boliti mbili. Bati hilo na boliti zake si mahali pa kubania pesa. Zikitoka, sproketi inatoka, cheni inajikunja na kufunga gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni.

Ukitoa jino moja mbele bila kubadilisha cheni, gurudumu litarudi nyuma kwa takriban milimita 3. Ukiongeza matatu nyuma litakuja mbele kwa takriban milimita 9. Kama pale kwenye alama za virekebishaji hakuna nafasi hiyo, cheni haitoshi au imezidi. Kumbuka cheni hukatwa kwa pingili mbili mbili, ya ndani na ya nje, si moja.

Klipu ya maungio ina kichwa na mkia uliogawanyika. Kichwa, upande uliofungika, kielekee kule cheni inakokwenda. Ukiigeuza, itakutoka siku usiyoitaka. Legevu ya cheni ipimwe katikati ya sehemu ya chini, ukizungusha gurudumu polepole mpaka upate pale ilipokaza zaidi. Kitabu cha pikipiki yako kina namba yake. Kwa nyingi ni milimita 20 hadi 30 za kupanda na kushuka. Halafu muombe mtu mzito akae nyuma uipime tena. Cheni iliyo sawa pikipiki ikiwa tupu inaweza kukaza sana ikibebwa watu, na cheni iliyokaza inakula beringi ya giaboksi, ambayo kuibadilisha ni kupasua injini.

Hapa sasa nasisitiza jambo ambalo nimeona likisahauliwa mara nyingi kuliko yote. Breki. Breki ya nyuma ya bodaboda nyingi ni ya ngoma, na huvutwa na fimbo ndefu kutoka kwenye kanyagio. Gurudumu likirudi nyuma, ile fimbo inavutika na breki inabaki imeshika, inachemka. Gurudumu likija mbele, fimbo inalegea na kanyagio linazama bila kushika. Rekebisha nati ya fimbo kila unaposogeza gurudumu, hakikisha na nati ya ule mkono unaoizuia ngoma isizunguke imekazwa, kisha jaribu breki ukiwa unasukuma pikipiki kwa miguu, kabla hujaiwasha.

Na kifuniko cha cheni. Ukiweka sproketi kubwa nyuma, cheni inapanda juu kidogo na huenda ikaanza kugusa kifuniko. Fundi mwenye haraka atakuambia, "Kitoe tu, hakina kazi." Kina kazi. Mama zetu na dada zetu wanapanda hizi pikipiki wakiwa na mabuibui na leso, na kitambaa kikishikwa na cheni kinamvuta mtu chini kabla dereva hajajua kuna nini. Kikunje, kinyooshe, kitengenezee nafasi, lakini kirudishe. Na kwa sababu hiyo hiyo, cheni haisafishwi wala haipakwi oili injini ikiwa inazunguka na gia imeingia. Nafahamu ni haraka. Nafahamu pia mtu ambaye anahesabu mpaka tisa tu kwa vidole vyake.

Huku kwetu Pwani cheni ina kazi ya ziada. Chumvi ya baharini inaishika hata kama pikipiki imelazwa tu barazani, na mchanga wa Diani ukichanganyika na oili unakuwa msasa. Mimi huifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kila wiki, naiacha ikauke, kisha napaka oili nzito upande wa ndani, jioni baada ya kazi cheni ikiwa bado na joto. Oili ya injini iliyotumika, ile nyeusi tunayopewa bure, ina uchafu ndani yake. Ni afadhali kuliko kutu, lakini ni kidogo tu.

Mpwa wangu alirudi kwanza kwenye 15. Nilimsisitizia arudi kwenye namba ya kiwandani, aendeshe wiki mbili, aandike kila siku petroli aliyotia na safari alizofanya, ndipo tuzungumze. Aliandika, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wa shule. Kwenye daftari lake tuliona kwamba kati ya safari kumi, saba zinapanda Kwale. Tukaweka 14. Golini sasa anapanda kwa gia ya pili bila kuivuta klachi, na petroli haikuzidi kwa kiasi cha kuonekana kwenye daftari. Anacholalamikia ni kelele akiwa anakwenda Likoni, na kwamba wenzake wanampita.

Cheni yake nimeipima juzi, imefika 257. Itakapokwisha tumekubaliana arudishe 15 mbele na kuweka 44 nyuma, ambayo inatoa 2.93, katikati ya hizo mbili. Sproketi ya 44 tumeshaitafuta maduka matatu mjini bila kuipata. Duka la nne limeahidi kuileta wiki ijayo inshallah. Ile ya 17 bado anayo, ameifunga kwa waya chini ya kiti, na kila nikimwambia aitupe ananijibu, "Mjomba, siku nikipata kazi ya Ukunda."